Umechomwa na sindano kazini na una kisukari: mwongozo kamili, kuanzia bombani hadi kipimo cha mwisho

Mwongozo huu ni wa muuguzi, mtu wa maabara, mfanya usafi wa wadi, dobi wa hospitali, mhudumu wa hoteli anayekuta sindano ndani ya shuka, na mtu mwingine yeyote mwenye kisukari aliyechomwa na sindano iliyotumika kwa mtu mwingine. Maelekezo ya kawaida ya ajali hii yamebandikwa ukutani katika vituo vingi vya afya, na ni mazuri. Tatizo ni kwamba hayasemi lolote kuhusu kisukari. Mtu anaosha jeraha, anapewa dawa za kumkinga na VVU, anarudi nyumbani na kuendelea na metformini yake kama kawaida, wala hakuna aliyemwambia kwamba dawa hizo mbili zinaingiliana.

Kisukari hakikuzuii kutumia dawa za kinga, yaani PEP. Hilo lishike. Kinachobadilika ni mambo manne: sukari yako katika saa ya kwanza, dozi za dawa zako kwa siku 28, kidole chenyewe kilichochomwa, na namna mwili wako unavyoipokea chanjo ya homa ya ini B. Yote manne yanawezekana kusimamiwa, mradi kisukari ukitaje mapema kwa kila anayekuhudumia.

Kama umechomwa sasa hivi, soma hatua mbili za kwanza kisha uondoke. Mengine utayasoma ukiwa kwenye foleni.

Hatua ya 1: Osha kwa sabuni na maji

Itupe sindano ndani ya kisanduku cha vyenye ncha kali ili isimchome mwingine. Vua glavu. Fungua bomba, weka jeraha chini ya maji yanayotiririka na uoshe kwa sabuni kwa dakika kadhaa. Damu ikitoka yenyewe, iache itoke.

Usiminye kidole, usikinyonye, usiongeze jeraha kwa wembe, usimwagie jiki wala spiriti. Haya yanafanywa kila siku na watu wenye nia njema, na hakuna ushahidi kwamba yanaondoa virusi. Kwa mwenye kisukari yana hasara ya ziada: nyama iliyobondwa kwa kuminywa, au ngozi iliyounguzwa na jiki, hupona polepole na hukaribisha bakteria. Damu ikikurukia jichoni, suuza kwa maji safi au maji ya chumvi ya hospitali. Mdomoni, tema na usukutue kwa maji. Kausha jeraha, lifunike kwa plasta, basi.

Hatua ya 2: Pima sukari kabla ya kusema ni hofu tu

Aliyechomwa na sindano hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, kichwa huwa chepesi. Sasa angalia dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichwa kuwa chepesi. Ni zilezile. Wenzako watakuambia "kaa chini, pole, utatulia", na wewe utawaamini, kumbe umeanza zamu saa moja asubuhi baada ya kujidunga insulini, na sasa ni saa saba mchana hujala.

Kwa hiyo pima. Tumia kidole cha mkono mwingine, kilichooshwa na kukaushwa, maana mabaki ya chai au tunda kwenye ngozi huipandisha namba kwa uongo. Mashine haipo karibu na dalili unazo? Chukulia kwamba sukari imeshuka ukaitibu. Sukari kidogo iliyozidi haitakudhuru leo. Kuanguka sakafuni kutakudhuru.

Chini ya 4 mmol/L: tumia vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini. Ikishapanda kula kitu cha kushiba, maana foleni ya kliniki inaweza kuwa ndefu.

Namba ikiwa juu kuliko kawaida yako, usishtuke wala usijiongezee insulini kwa hasira. Mshtuko na maumivu humwaga adrenalini na kotisoli, na homoni hizi hulilazimisha ini litoe sukari. Mara nyingi sukari hutulia yenyewe ndani ya saa chache. Kunywa maji, pima tena baada ya saa mbili.

Kama umefunga Ramadhani, sukari iliyo chini ya 3.9 au iliyozidi 16.6 ni ya kufungulia, hata ikiwa imebaki nusu saa adhana iadhiniwe. Siku hiyo utailipa.

Mara nyingine sindano iliyokuchoma ilikuwa na insulini ya mgonjwa. Tone lililobaki kwenye ncha halina uzito, lakini kama kisukumio kilisukumwa ikiwa ndani ya mwili wako, mweleze daktari ni insulini ya aina gani na kiasi gani, na upime sukari kila saa hadi muda wake wa kufanya kazi uishe.

Hatua ya 3: Toa taarifa palepale

Mwambie msimamizi wa zamu, au muuguzi kiongozi, au mganga mfawidhi. Usisubiri kumaliza kazi. Wengi hunyamaza kwa aibu, hasa wafanya usafi walioajiriwa na kampuni ya nje, wanaoogopa kuambiwa ni uzembe wao. Kumbuka kwamba sindano iliyoachwa kitandani au kwenye mfuko wa taka iliachwa na mtu mwingine.

Taarifa ya mapema inasaidia kumpata mgonjwa ambaye sindano ilitumika kwake kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Aombwe ridhaa, apimwe VVU, homa ya ini B na homa ya ini C. Amuombe mwingine, si wewe uliyechomwa. Sindano yenyewe haipimwi, kwa hiyo usiibebe kwenda maabara. Sindano ikiwa haijulikani ya nani, kama ile iliyookotwa kwenye pipa la chumba cha hoteli, usikae nyumbani kwa kuwa "haijulikani": nenda, wataipima hatari kwa kuangalia mazingira.

Na ukubwa wa hatari ni huu. Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU asiye kwenye dawa huambukiza takriban watu 3 katika kila 1000 waliochomwa. Homa ya ini C ni chini ya 2 katika 100. Homa ya ini B ndiyo yenye nguvu: kwa asiyechanjwa, hufikia hata 30 katika 100 kama mgonjwa ana virusi vingi. Hatari huongezeka sindano ikiwa na tundu na damu inayoonekana, ikiwa imetoka kwenye mshipa, au ikizama kwa kina. Watu hulia usiku kucha kwa VVU na kuisahau homa ya ini B, ambayo ndiyo ya kuogopwa zaidi na ndiyo yenye chanjo.

Hatua ya 4: PEP, na maneno ya kusema dirishani

PEP ianze haraka iwezekanavyo, ndani ya saa chache ikiwezekana, na isizidi saa 72. Baada ya hapo faida yake haipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 juu ya wahudumu wa afya waliochomwa na sindano ulionyesha kwamba waliotumia zidovudini walipungukiwa na hatari ya VVU kwa takriban 81%. Dawa za leo zinavumilika kuliko hiyo. Tanzania zinatolewa kwenye CTC, yaani kliniki za huduma na matibabu ya VVU, na nje ya saa za kazi kwenye chumba cha dharura. Kenya ulizia CCC, ambayo ni kliniki ya aina hiyohiyo.

Ukifika, usisubiri kuulizwa. Sema hivi:

"Sista, nimechomwa na sindano ya mgonjwa saa tatu asubuhi, kidole cha shahada, kulikuwa na damu. Nina kisukari. Natumia metformini gramu moja asubuhi na gramu moja jioni, na dawa ya presha. Figo nilipima mwezi wa nne. Chanjo ya homa ya ini B nilichoma mara mbili, ya tatu sikuchoma."

Sentensi hizo zinampa kila anachohitaji. Ukikumbuka majina ya dawa kwa shida, piga picha maboksi yake leo, kabla ya ajali yoyote, na picha ikae kwenye simu.

Utapimwa VVU, ini B, ini C na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Kidonge cha kwanza kimezwe bila kusubiri majibu hayo. Kama bosi wako hajui kwamba una kisukari na hutaki ajue, hiyo ni haki yako: mtoa dawa lazima ajue, fomu ya ajali haihitaji.

Hatua ya 5: Kidonge kimoja kikikutana na dawa zako

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo makosa mengi hutokea.

PEP inayotumika zaidi Afrika Mashariki sasa ni kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ni siku 28.

*Metformini.* Dolutegraviri huzuia njia ambayo figo hutumia kuitoa metformini, hivyo kiwango chake kwenye damu huongezeka sana, kwa karibu asilimia 80. Kwa sababu hiyo metformini isizidi miligramu 1000 kwa siku muda wote unaotumia PEP. Anayemeza 500 asubuhi na 500 jioni yuko ndani ya mpaka. Anayemeza gramu moja mara mbili amezidi, na daktari anapaswa kupunguza. Ishara za kuzidi ni kuhara, kichefuchefu na tumbo kusokota, ambazo watu huilaumu PEP kwa ajili yake wakaiacha. Mwenye figo dhaifu ana hatari kubwa zaidi, ya asidi ya laktiki kujaa kwenye damu: anahema haraka, ana usingizi mzito, viungo vimelegea. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Usipunguze dozi mwenyewe ukakaa kimya. Metformini ikishuka, sukari inaweza kupanda, na dolutegraviri yenyewe imewahi kuwapandishia watu sukari. Pima mara nyingi zaidi, asubuhi kabla ya kula na jioni, andika namba, umpelekee daktari baada ya wiki moja. Na siku ya 28 ikipita, uliza lini dozi yako irudi pale ilipokuwa. Wengi hulisahau hili, wakaishi miezi na nusu dozi.

*Glibenklamidi, gliklazidi na insulini.* Hizi haziingiliani na kidonge hicho kwa namna ya kutisha. Hatari yake iko kwenye sahani: PEP hukata hamu ya kula siku za mwanzo, na ukimeza glibenklamidi kisha ukala vijiko viwili vya uji, sukari itashuka, pengine usiku. Siku usiyoweza kula, mpigie daktari kabla ya kumeza. Insulini ya muda mrefu usiiache hata ukitapika, hasa wenye kisukari cha aina ya kwanza. Dozi ndiyo hurekebishwa.

*Tenofoviri na figo.* Kisukari cha miaka mingi huchosha figo, na tenofoviri huzichosha pia. Kreatinini ikionyesha figo zimeshuka sana, daktari atabadilisha dawa. Mabadiliko ni yake, wewe usiache kumeza kwa sababu umesoma neno figo. Lakini achana na diklofenaki na ibuprofeni kwa mwezi huo, hata kidole kikiuma, kwa kuwa zinaongeza mzigo kwa figo zilezile. Parasetamo inatosha.

*Vidonge vya tumbo na vya damu.* Magnesiamu ya kutafuna kwa ajili ya kiungulia, kalsiamu, madini ya chuma na zinki huishika dolutegraviri tumboni isiingie mwilini. Meza PEP saa mbili kabla ya hivyo au saa sita baada. Kulipuuza jambo hili dogo kunaharibu kinga nzima, na vidonge hivyo viko kila duka la dawa.

Ukipewa aina nyingine ya PEP yenye atazanaviri au lopinaviri, taja dawa ya kolesteroli unayotumia: simvastatini haitakiwi kabisa pamoja nazo.

Hatua ya 6: Kumaliza siku 28

Chagua saa isiyobadilika. Wengi hupata nafuu wakimeza usiku baada ya chakula. Waliofunga humeza kwenye futari au daku. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo, usimeze viwili kesho yake. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, piga simu kituoni uulize kama urudie.

Kichefuchefu, kuumwa kichwa na ndoto nyingi hutokea wiki ya kwanza na kupungua. Nenda hospitali siku hiyohiyo kama unatapika kila unachokula, kama sukari inazidi 14 mara mbili mfululizo huku unatapika au unahema kwa nguvu, kama macho yamekuwa ya njano, au una vipele na homa.

Hadi kipimo cha mwisho kitoke safi, tumia kondomu na usichangie damu. Anayenyonyesha azungumze na kliniki kuhusu mtoto, na mjamzito asinyimwe PEP.

Homa ya ini B: chanjo ya mwenye kisukari

Tanzania ilianza kuwachanja watoto homa ya ini B mwaka 2002, kwa hiyo mtu mzima wa leo asidhani alichanjwa utotoni. Virusi hivi hubaki hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi, na vimewahi kusambaa katika nyumba za wazee kupitia vifaa vya kupimia sukari walivyotumia kwa pamoja. Ndiyo sababu Marekani, tangu 2011, inawashauri wenye kisukari wachanjwe hata kama si wahudumu wa afya.

Hujachanjwa? Anza siku ya ajali. Ratiba ya kawaida ni mwanzo, mwezi mmoja, miezi sita, na kama mgonjwa ambaye sindano ilitumika kwake ana virusi, daktari ataangalia kama sindano ya kingamwili inapatikana. Ulichanjwa? Uliza kama kinga yako ilipimwa. Kwa mwenye kisukari, hasa mwenye umri mkubwa, chanjo mara nyingi hujenga kinga hafifu, hivyo kadi yenye mihuri mitatu haitoshi. Kipimo cha kingamwili kionyeshe angalau 10 mIU/mL, mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho. Kikiwa chini, chanjo hurudiwa.

Kuna sababu nyingine ya kupima ini B kabla ya PEP. Tenofoviri na lamivudini ni dawa za homa hiyo pia. Anayeishi nayo bila kujua, akizimaliza siku 28 na kuacha ghafla, ini linaweza kuwaka, yaani homa hiyo kuamka kwa nguvu. Huyo atafuatiliwa na daktari.

Kidole chenyewe

Tundu la sindano halionekani sana, na ndiyo maana hupuuzwa. Kati ya 1998 na 2002, huko Dar es Salaam, walirekodiwa wagonjwa wa kisukari waliopata maambukizi makali ya mkono. Mengi yalianza na jeraha dogo, mchubuko au kuumwa na mdudu. Waliochelewa kwenda hospitali ndio walioumia zaidi, wengine walikatwa vidole au mkono, wengine walikufa. Watu wanajua habari za mguu wa kisukari, mkono hausemwi.

Angalia kidole kila asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Kama vidole vyako vimeanza kufa ganzi, usitegemee maumivu yakuambie, tumia macho. Ukiona wekundu unaosambaa, joto, uvimbe, usaha, mstari mwekundu kupanda mkononi, au sukari inapanda bila sababu, nenda siku hiyo. Vua pete mapema. Ulizia pia chanjo ya pepopunda, na kidole hicho usikitumie kupimia sukari hadi kipone.

Karatasi

Jaza fomu ya ajali siku hiyohiyo: saa, mahali, kazi uliyokuwa ukifanya, aina ya sindano, kina cha jeraha, kama ulivaa glavu, nani alishuhudia. Baki na nakala. Kipimo cha VVU cha siku ya ajali ndicho ushahidi kwamba ulianza ukiwa huna maambukizi, na usipopima siku hizo za mwanzo utakosa cha kuonyesha baadaye.

Tanzania fidia hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kenya ni Sheria ya Mafao kwa Majeruhi Kazini ya 2007, inayomtaka mwajiri aripoti ajali ndani ya siku 7 tangu aarifiwe. Kama umeajiriwa na kampuni ya usafi, mwajiri wako naye anahusika, si hospitali unakofanyia kazi peke yake. Andika kwa maandishi, si kwa mdomo.

Sindano zako mwenyewe

Unajidunga au kujipima ukiwa kazini? Sindano na lanseti zako ni hatari kwa mfanya usafi kama zilivyo za mgonjwa. Zitie kwenye kisanduku cha wadi, au kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko kama ya sabuni ya maji, ikijaa robo tatu uifunge na kuipeleka kituoni. Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko ulichokishika kwa mkono wa pili. Kifaa cha kuchomea kidole usiazime mtu, hata mke au mume.

Vipimo vya baadaye

VVU hupimwa tena wiki ya 6 na mwezi wa 3. Vituo vingine huongeza mwezi wa 6. Homa ya ini C hurudiwa katika kipindi hicho, na kreatinini ukiwa bado unatumia PEP kama figo zina historia. Weka tarehe zote kwenye simu siku unapoanza dawa, pamoja na dozi ya tatu ya chanjo, ambayo huangukia mwezi wa sita, wakati kila kitu kingine kimeshasahauliwa. Kwenye kliniki ya kisukari inayofuata, peleka namba ulizoandika na uulize jambo moja: metformini yangu irudi lini na kwa kiasi gani.